Kiwanja cha Mafuriko

Tusajigwe alifika Ugawa asubuhi ya Jumatano. Namna alivyofika haitatusaidia kitu; itoshe kwamba alikuwa na mkoba mmoja, cheti cha chuo chenye umri wa miezi minne, na imani kwamba ardhi ikipangwa vizuri watu hawafi ovyo.

Alikuwa amesomea mipango ya ardhi vijijini. Wenzake wengi walikimbilia mijini kupima viwanja vya kuuza. Yeye alibaki na hamu ya mambo madogo: visima vikae mbali na vyoo, mashamba yanayopuliziwa dawa yakae mbali na shule, nyumba zikae mbali na mkondo wa maji. Kwa hiyo aliposikia kwamba iko nchi ambayo kila kijiji kina mpango, na kila mpango umechorwa ukutani, na hakuna mtu anayethubutu kuuvunja, hakulala vizuri mpaka alipoiona.

Na kweli mpango ulikuwepo. Ulijaza ukuta mzima wa ofisi ya kijiji cha Sangamale, kwa rangi nne: mashamba kijani, malisho manjano, makazi meupe, na hapa na pale visanduku vyekundu vilivyopigwa kwa rula, kila kimoja na namba yake. Mbele yake alisimama karani wa kijiji, Mgaya, mtu mwembamba mwenye kalamu nyuma ya sikio.

"Shikamoo," Tusajigwe alisema.

"Marahaba, binti. Una kiwanja hapa Ugawa? Hata cha kurithi?"

"Sina."

"Hata kaburi la ndugu?"

"Hata kaburi."

Mgaya aliachia pumzi kama mtu aliyetuliwa mzigo. "Basi umeletwa na Mungu. Hii ndiyo wiki ya mpango, na mpango wetu hauna nguvu mpaka mgeni asiye na kiwanja autie saini. Mwaka jana tulimpata muuza vyungu, akatoroka kabla ya kusaini. Tumekaa mwaka mzima bila mpango halali, na watu wameanza kuota ndoto mbaya."

Akamwonyesha maneno yaliyoandikwa chini ya ramani, ambayo mgeni hutia saini mbele yake: *Mimi, nisiye na kiwanja, nimetembea nchi hii na sikuona hatari yoyote nje ya mahali pake.*

Tusajigwe aligusa kisanduku chekundu kwa kidole. "Haya ndiyo maeneo ya hatari?"

"Ni viwanja vya hatari," karani alimsahihisha kwa upole. "Eneo la hatari ni mahali ambapo hatari inaweza kutokea. Sisi tulishavuka huko. Hapa hatari imepewa kiwanja, imeonyeshwa mipaka, imesomewa masharti. Namba Tano ni Moto. Namba Saba ni Nyoka. Hiki kikubwa, Namba Tisa, ni Mafuriko. Kumi na Mbili ni Kikohozi."

"Na hatari ikitoka nje ya kiwanja chake?"

Mgaya alimtazama kwa mshangao usio na ubaya wowote. "Itatokaje? Ina kiwanja."

Walitoka kutembea, maana mgeni lazima atembee ndipo asaini. Hawakufika mbali wakapishana na mama mmoja aliyekuwa anakimbia, amejiziba mdomo kwa upindo wa khanga, machozi yanamtiririka.

"Anakwenda wapi huyu?"

"Kumi na Mbili. Anakwenda kukohoa."

Kiwanja Namba Kumi na Mbili kilikuwa na bikoni nne za saruji kwenye pembe zake na mabenchi matatu. Watu kama thelathini walikuwa wamekaa humo wakikohoa, wengine kwa zamu, wengine kwa pamoja, na karibu nusu yao walikuwa watoto wenye sare za shule. Mkaguzi mwenye filimbi alisimama mpakani kuhakikisha hakuna anayetoka na kikohozi kilichobaki. Ng'ambo ya barabara lilikuwa shamba la pamba, jeupe na zuri, na watu wawili walikuwa wanapita kwenye mistari na mabomba ya dawa mgongoni. Harufu ilimkaba Tusajigwe kooni. Alitaka kukohoa, akajizuia, akashangaa kwa nini amejizuia.

"Upepo hapa unavuma kutoka wapi?" aliuliza.

Karani alitazama juu, akatazama chini. "Upepo haujaandikishwa," alisema, na kuongeza mwendo.

Namba Tisa ndipo palipomfanya asimame. Ulikuwa uwanda mpana ulioinuka, ekari mia mbili, udongo mwekundu, hewa safi, vichuguu vya zamani vimesimama kila mahali kama watu waliokaa kimya. Hapakuwa na nyumba hata moja. Mchwa hawajengi mahali panapolowa, hilo alifundishwa mwaka wa kwanza.

"Maji yamewahi kufika hapa?"

"Bado."

"Kwa miaka mingapi?"

"Arobaini na mmoja," alisema Mgaya. "Tuliyapa mahali pazuri makusudi, yasije yakasema tumeyaonea. Siku yakija yatakikuta kiwanja chao."

Chini zaidi, kwenye korongo pana la mchanga mkavu lililopita katikati ya kijiji, palikuwa na nguzo yenye barua iliyofunikwa kwa nailoni. Tusajigwe aliisoma mara mbili. *Kwa Maji. Onyo la Pili kwa Maandishi. Unakumbushwa kwamba makazi yako ni Kiwanja Namba Tisa. Inasemekana masika yaliyopita ulipita hapa. Hakuna aliyekuona, lakini jiko la Bi Kwangu halipo na mbuzi wanne hawapo. Jirekebishe.*

Alitaka kucheka, na cheko lilikuwa limeshafika midomoni. Kisha akainua macho akaona, hatua mia moja mbele, katikati ya korongo lile lile, jengo jipya jeupe lenye milango ya bluu.

"Na lile ni nini?"

Uso wa karani uling'aa. "Lile? Ile ndiyo wodi ya wazazi! Kesho ukisaini, inafunguliwa."

*

Mkunga wa Sangamale aliitwa Mama Nyamizi, na ndiye aliyepewa kumkaribisha mgeni. Alikuwa mwanamke mnene mwenye mikono mikubwa iliyotulia, na alimtembeza Tusajigwe ndani ya wodi kama mtu anayemwonyesha mgeni mtoto mchanga, akiongea kwa sauti ya chini. Vitanda sita. Sinki. Dirisha lenye wavu. Miaka kumi na moja waliisubiri. Kabla ya hapo mwanamke mwenye uchungu alitembea saa nne hadi kijiji cha pili, au hakufika.

Msichana mmoja mjamzito alikuwa amesimama mlangoni, ameegemeza kiganja ukutani.

"Mashavu, umekuja tena?" Mama Nyamizi alimtania. "Ukuta hautakimbia."

"Nausikia ulivyo wa baridi tu, mama. Mimi kesho ndiye wa kwanza. Asije mtu akanipita."

"Labda tumbo lako ndilo likupite. Kalale."

Msichana akacheka, akaondoka akijishika kiuno. Tusajigwe hakuwa amecheka. Alikuwa ametoka nje, anatazama chini. Mawe ya korongo yalikuwa mviringo, laini kama mayai, na mawe hayawi hivyo kwa kukaa. Kisha akatazama juu. Pembeni mwa wodi ulikuwepo mgunga mkubwa, na kwenye matawi yake yalining'inia majani makavu yaliyosukwa na maji, na kandambili moja ya plastiki. Alinyoosha mkono. Kandambili ilikuwa juu ya vidole vyake kwa pima nzima. Akageuka akalinganisha kwa macho. Ilikuwa juu kuliko vizingiti vya milango ya bluu.

"Mama, nani alichagua hapa?"

"Mpango. Ni tambarare, hapana miti ya kukata, hapana mawe makubwa. Na mafuriko yana kwao."

"Mama, ile kandambili kule juu..."

"Twende nyumbani, mwanangu," alisema Mama Nyamizi haraka, na kwa mara ya kwanza ile mikono mikubwa haikutulia. "Ugali unapoa."

Nyumba yake ilikuwa kwenye kilima kidogo juu ya korongo: vyumba vitatu, shina la mgomba, na kaburi la mumewe lililofagiliwa. Uani kwa jirani, jua likiwa bado halijazama, mzee mmoja alikuwa amekaa kwenye kigoda katikati ya mapipa tisa ya dawa ya pamba. Mapipa mawili yalivuja, na kuku hawakuwepo.

"Yule ni Mzee Magaka," Mama Nyamizi alisema, akimsogezea mgeni bakuli la mlenda. "Alisimama barazani akasema ghala la dawa linavuja, ameona kwa macho yake. Karani akamuuliza, una hakika umeona? Akasema ninayo. Wakamletea mapipa."

"Kwa nini yeye?"

"Ndiyo sheria ya kwanza ya mpango. Hatari ikionekana nje ya mahali pake, aliyeiona ndiye mwenyewe. Inahamia kwenye kiwanja chake, na binadamu hatakiwi kukaa kwenye kiwanja cha hatari. Mzee amekataa kuhama, basi wanamhesabu kama hayupo. Hata mgawo wa mbegu hapewi."

Tusajigwe aliacha kula. Kile alichokuwa ameona siku nzima, macho yanayoshuka, watu wanaoongeza mwendo, kilianza kueleweka, na kueleweka kwake kulimtia baridi.

"Lakini mimi sina kiwanja," alisema taratibu. "Nikisema nimeona, hawana pa kuiweka."

"Mgeni ni wa mwenyeji," alisema Mama Nyamizi. "Ukiona wewe, nimeona mimi."

"Na watafanya nini?"

"Mafuriko yanahitaji nafasi. Nyumba itavunjwa. Na kaburi, sijui." Alichukua fimbo akasukuma kuni. "Nina viwanja viwili tu kwa jina langu, hiki, na cha wodi, maana kila jengo la umma lina mlezi, na kiwanja chake kinaandikwa kwa jina la mlezi, ili lawama zijue pa kwenda."

 Kwa Mzee Magaka, pipa lilidondosha tone, kisha jingine.

"Sikuambii useme, sikuambii unyamaze," mkunga alisema hatimaye. "Ila wewe umesoma. Mvua ikinyesha kule mlimani Kwezi, maji yanafika hapa baada ya muda gani?"

"Saa nne. Labda tano."

"Hata kama hapa ni jua?"

"Hata kama hapa ni jua, mama."

Mama Nyamizi alitikisa kichwa kama mtu aliyeambiwa jambo alilolijua zamani, akaenda kufunga kuku.

*

Kulipopambazuka wanawake watatu walihamia wodini na mabeseni yao, kuisubiri saini humo humo. Mashavu alikuwa ameshaanza uchungu tangu alfajiri, na alishuka korongoni akitembea mwenyewe, akisimama kila mara na kushika magoti, huku akiwaambia wenzake wasimguse, yeye ndiye wa kwanza.

Tusajigwe aliutazama mlima Kwezi. Ulikuwa hauonekani. Mahali ulipopaswa kuwepo palikuwa na wingu jeusi lililokaa chini, limejaa, halisogei. Sangamale jua lilikuwa linawaka.

Baraza lilikaa nje ya ofisi, ukingoni mwa korongo, na Mpimaji Mkuu wa Ugawa, Bwana Ndarahwa, alikuwa amekuja mwenyewe. Tusajigwe alikuwa amejiandaa kumchukia, akashindwa. Alikuwa mzee mwenye macho ya upole, aliyesalimia watoto kwa majina, na aliugusa ule mpango ukutani kama mtu anayemgusa farasi wake.

Kulikuwa na hoja moja kabla ya saini. Mjumbe mmoja alipendekeza Kiwanja Namba Tisa kiongezwe ekari hamsini, kuyatia maji moyo wa kuhamia.

"Ukiongeza, yataona tunayaogopa," mwingine akapinga.

"Basi tupunguze?"

"Ukipunguza yatapata sababu!"

"Nyie mnabishana kana kwamba mna shemeji aliyenuna," sauti ya mwanamke ikasema kutoka nyuma, na watu wakacheka. Hoja ikaahirishwa mpaka mwakani. Saa mbili zilikuwa zimekwisha.

Mgaya akaleta kalamu. Tusajigwe akaishika. Akasoma ile sentensi moja, neno kwa neno, akamtazama Mama Nyamizi aliyekaa mbele na sare yake nyeupe iliyopigwa pasi. Uso wake haukumwambia lolote.

"Siwezi kusaini," alisema. Sauti ilitoka ndogo, akairudia. "Siwezi. Nimeona hatari nje ya mahali pake."

Hakuna aliyepiga kelele. Watu wote walitazama chini, kwa pamoja, kama wameamriwa.

Bwana Ndarahwa alisogea karibu naye. "Binti," alisema, bila hasira, "unajua woga? Mimi nilizaliwa kabla ya mpango. Watu walikuwa wanalala na viatu. Wingu likitanda, mama zetu wanatubeba wanakimbia nasi, usiku mzima, na mara nyingi hata tone halikuanguka. Tulizipangia hatari mahali pake ili watu walale. Sasa wanalala. Unataka kuwaamsha?"

"Ndiyo, mzee," Tusajigwe alisema, na machozi yalikuwa yameshamtoka. "Samahani. Ndiyo. Leo hii."

Mzee alirudi kitini akiwa amechoka ghafla. "Karani, endelea."

Mgaya aliichukua tena kalamu yake. "Hatari gani?"

"Mafuriko."

"Wapi?"

"Wodini."

"Mwenyeji wako nani?"

"Ni mimi," Mama Nyamizi alisema, akasimama.

"Sheria unaijua, Nyamizi," alisema Bwana Ndarahwa. "Yanahamia kwako."

"Naijua. Na mwenyewe ana haki ya kutaja kiwanja." Alinyoosha sare yake mbele. "Nina viwanja viwili. Nayaweka kwenye kiwanja cha wodi."

Kwanza hawakumwelewa. Kisha wakamwelewa wote mara moja.

"Ile ni wodi!"

"Imeandikwa kwa jina la nani?" aliuliza Mama Nyamizi.

Mgaya alifunua daftari, akafunua tena. "La kwako," alisema kwa sauti ya chini.

"Basi andika. Na uandike kwamba binadamu hakai kwenye kiwanja cha hatari. Kuna watu watatu mle ndani. Nataka watolewe sasa hivi, kisheria."

Hapo kelele zilianza. Mwanamke mmoja alilia kwa uchungu wa kweli: "Miaka kumi na moja, Nyamizi! Mimi nilimzika mtoto wangu njiani, na leo unatunyang'anya?" Mwingine akasema roho mbaya haina dawa. Mwingine akasema kisa ni mgeni huyo mwenye vyeti, kaja kutupima akili. Mama Nyamizi alisimama katikati yao kama mtu aliyenyeshewa mvua mbali na nyumba. Tusajigwe aliangalia mlima. Wingu lilikuwa jeupe sasa, limekwisha kumwaga.

"Muhuri," alisema Bwana Ndarahwa. "Andiko bila muhuri ni karatasi."

Muhuri haukuwa na wino. Kitambaa chake kilikuwa kimekauka mwaka mzima bila mpango. Mgaya aliupulizia, akaugonga, ukatoa duara lisilosomeka. Akautemea mate, akaugonga tena. "Bado," alisema mjumbe mmoja. Tusajigwe alikuwa anahesabu kichwani, saa nne tangu alfajiri, saa nne na nusu, na alitaka kuupiga ule mkono wenye muhuri. Mara ya tano ukashika.

"Na uandike," alimalizia Mpimaji Mkuu, "kwamba kuanzia sasa Nyamizi si mlezi wa wodi wala mkunga wa Sangamale, kwa kuingiza hatari kwenye jengo la umma."

Mama Nyamizi hakungoja amalize. Alikuwa ameshaanza kushuka.

*

Wale wawili walitoka wakitembea. Mashavu hakuweza. Wakamtoa kwenye godoro, Mama Nyamizi mbele, Tusajigwe na mwanamke mmoja nyuma, na mwanamume ambaye asubuhi ile ile alikuwa amemzomea mkunga alishuka bila kusema neno akashika pembe ya nne. Mchanga ulizama chini ya miguu. Kilima kilikuwa kifupi, na hakikuisha.

"Beseni langu," Mashavu alikuwa analia. "Nguo za mtoto, mama. Beseni."

"Nguo tutapata."

"Nimeshona mwenyewe!"

Tusajigwe aliiachia pembe yake kwa mtu mwingine akarudi. Baadaye hakuweza kueleza kwa nini. Labda kwa sababu msichana yule alikuwa amenyang'anywa kila kitu kingine siku ile. Ndani ya wodi palikuwa baridi na kimya. Beseni lilikuwa chini ya kitanda cha kwanza. Alipoinama kulichukua aliona maji ya sinki yakitetemeka, duara ndogo ndogo, na bomba lilikuwa limefungwa.

Akakimbia. Sauti ilikuwa nyuma yake, kama lori la kokoto linalomwaga na haliishi. Alipanda kilima kwa mikono na magoti, beseni likigonga mawe, na mtu akamvuta kwa mkoba. Alipogeuka, korongo lilikuwa limejaa ukuta wa kahawia uliobeba magogo. Milango ya bluu ilifunguka yote kwa pamoja, kama ya mtu anayekaribisha wageni. Halafu likaonekana paa tu. Halafu paa likaondoka, taratibu, likizunguka, na jua lilikuwa linawaka.

Juu ya ukingo kijiji kizima kilikuwa kimesimama. Hakuna aliyesema ameona.

Mashavu alijifungua saa kumi alasiri, kwenye chumba cha katikati cha mwanamke ambaye hakuwa tena mkunga. Mtoto wa kike. Alilia mara moja, kwa sauti kubwa, na Mama Nyamizi naye akalia, mara ya kwanza siku hiyo, akiwa bado anafunga kitovu.

*

Baada ya siku saba baraza likakaa tena. Tusajigwe alifikiri kutakuwa na maombolezo, au ghadhabu, au angalau aibu. Alikuta vitambaa vya rangi vimefungwa kwenye bikoni.

"Ndugu zangu," alisema Bwana Ndarahwa, na macho yake ya upole yalikuwa na machozi, "kwa miaka arobaini na mmoja watu walitucheka. Walisema maji hayasikii. Wiki iliyopita, saa moja tu baada ya kuandikishwa kwenye kiwanja kipya, maji yaliingia kwenye kiwanja chao. Hayakugusa mtu! Mpango umetimia."

Watu walipiga makofi, wengi wao kwa furaha ya kweli, maana walikuwa wameogopa sana. Onyo la Pili likafutwa. Ikapitishwa maji yaandikiwe barua ya pongezi. Ombi la Mama Nyamizi kwamba wodi mpya ijengwe kule kwenye uwanda wa vichuguu, kwa kuwa sasa Namba Tisa hapana mwenyewe, halikusomwa, kwa sababu mwombaji hakuwa na cheo. Yeye mwenyewe alikaa nyuma kabisa, bila sare, jirani na Mzee Magaka.

Kisha Mgaya akamletea mgeni kalamu.

Tusajigwe aliisoma ile sentensi. *Sikuona hatari yoyote nje ya mahali pake.* Maji sasa yalikuwa na kiwanja pale yalipopita. Kwa sheria ya Ugawa hakukuwa na neno moja la uongo hapo. Alitamani sana kwenda nyumbani. Alijiona anaandika jina lake, anachukua mkoba, anaondoka, na kila mtu analala. Akaiweka kalamu juu ya meza, kwa adabu, akaisukuma mbali kidogo.

"Umeona jambo tena?" aliuliza Bwana Ndarahwa. Hakuwa mkali. Alikuwa kama mtu anayeomba.

Lilikuwepo jambo. Mafuriko yalikuwa yameumega ukingo wa upande wa pili, hatua sita nzima, na kutoka kwenye mpasuko hadi ukuta wa darasa la kwanza la shule ya kijiji zilibaki hatua tisa. Alikuwa amezipima jana yake. Lakini mwenyeji wake alikuwa bado ni Mama Nyamizi, na safari hii kiwanja kilichobaki kilikuwa kimoja. Tusajigwe akamtafuta kwa macho kule nyuma.

 Watu wakaanza kutazama chini.

"Mimi nimeona," mtu alisema.

Alikuwa Mashavu, amesimama na mtoto mgongoni, miguu bado haina nguvu, ameshika bega la mwanamke aliyekaa mbele yake.

"Keti, wewe," mama yake alinong'ona. "Una kiwanja kimoja cha marehemu baba yako. Keti!"

"Nimeona ukingo umekatika upande wa shule. Nimekwenda mpaka pale. Ukikanyaga unasikia chini patupu."

Mgaya alivuta fomu ya Aliyeona, akaiweka mbele yake, akamtazama msichana kwa muda. "Unajua swali linalofuata," alisema.

"Najua. Ni yangu. Andika."

Akaanza kuandika. Kalamu ilikuwa kwenye herufi ya tatu wakati yule mwanamke aliyeshikwa bega aliposema, bila kusimama, akiangalia mikono yake, "Na mimi nimeona." Ndiye aliyekuwa amelia kwamba alimzika mtoto wake njiani. "Nilikuwa naye. Andika na mimi."

"Haiwezekani," Mgaya alisema. "Hatari moja, mwenyewe mmoja. Fomu ina mstari mmoja wa jina."

 Bwana Ndarahwa alikuwa amefumba macho. Nyuma kabisa kiti kilisogezwa, kisha kingine, na Tusajigwe hakuthubutu kugeuka kuona ni vya nani, wala kama ni watu wanaosimama au wanaoondoka. Alitazama mkono wa karani.

Mkono ule ulikaa juu ya karatasi muda mrefu. Halafu Mgaya akavuta droo, akatoa rula, akaiweka sawa chini ya jina la Mashavu, na kwa uangalifu mkubwa akapiga mstari wa pili.